Jumamosi Katika Msitu wa Karura

Wasomaji wangu, juma lililopita niliahidi kwamba leo tutaendelea na habari za urithi wa mashamba na karatasi zitakiwazo. Nawaomba radhi. Jambo hilo litangoja juma moja, kwa maana siku ya Jumamosi niliulizwa swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo, nami naona si haki kulificha kwa kuwa tu lilinishinda.

Aliyeniuliza ni baba yangu mdogo, mkulima wa Vihiga. Alikuja Nairobi kuonana na daktari wa masikio, akakaa kwangu siku nne. Mtu aliyezoea kuamka pamoja na jogoo na kushika jembe hawezi kustarehe katika chumba cha ghorofa ya tatu akitazama ukuta wa jirani. Siku ya kwanza alivumilia. Siku ya pili alizifagia ngazi zote za jengo letu kutoka juu mpaka chini, hata wapangaji wenzangu wakadhani kwamba mwenye nyumba ameajiri mtu mpya. Siku ya tatu, iliyokuwa Jumamosi, nikamwambia, "Baba, vaa viatu vyako, twende Karura."

"Karura kuna nini?"

"Kuna msitu."

"Twaenda kutafuta kuni?"

"La, Baba. Twaenda kutembea."

Akanyamaza kitambo. Nilidhani hakusikia, kwa ajili ya yale masikio, nikarudia kwa sauti. Akasema, "Nimesikia," akaenda kuvaa viatu.

Tulipofika kwenye lango la barabara ya Limuru nikatoa fedha za kiingilio, zake na zangu. Akaniuliza nimelipia kitu gani. Nikamweleza kwamba fedha hizo zasaidia kuutunza msitu. "Yaani," akasema, "mtu wa mjini hulipa fedha ili aruhusiwe kuchoka?" Mlinzi wa langoni alicheka sana, lakini hakuacha kumnyang'anya mzee chupa yake ya plastiki iliyokuwa na maji, kwa sababu tangu tarehe 5 Juni 2020 chupa za namna hiyo zimepigwa marufuku katika misitu na mbuga zilizohifadhiwa nchini Kenya. Ikawekwa kando, ikachukuliwa tulipotoka. Bahati njema mimi nilikuwa na chupa ya chai ya bati na viazi vitamu vilivyochemshwa.

Hatukuwa tumekwenda hatua mia mbili ndipo akauliza swali lenyewe. "Mwanangu, msitu huu una ekari ngapi?"

Nikamwambia ni zaidi ya 2,500.

Akasimama katikati ya njia. "Ekari 2,500, udongo mwekundu wa namna hii, mvua ya kutosha, mito inapita, na hakuna hata shina moja la mhindi? Kwetu watu wanapigana mahakamani kwa hatua tatu za mpaka. Niambie wewe uliyesoma. Kuna haki gani hapo?"

Wasomaji, kaunti aitokayo mzee huyu si mahali pa mzaha katika mambo ya ardhi. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, Vihiga ilionekana kuwa na watu zaidi ya 1,000 katika kila kilomita moja ya mraba, na hao aghalabu ni watu wa vijijini wanaotegemea jembe. Shamba la baba yangu mdogo halitimizi ekari moja, naye ana wana watatu wa kiume. Kwa hiyo swali lake halikuwa la mtu mvivu wa kufikiri. Nikamwambia, "Tutembee kwanza, Baba." Hilo ndilo jibu la mtu asiye na jibu.

Kwa wale wasioujua, Karura ni msitu ulio upande wa kaskazini wa jiji la Nairobi, kati ya barabara ya Limuru na barabara ya Kiambu, na sehemu yake mojawapo, iitwayo Sigiria, iko ng'ambo ya pili ya barabara ya Limuru. Ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Jirani zake ni Muthaiga, Runda na Gigiri, mahali palipo na makao makuu ya shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira. Tena wako jirani wengine wakaao katika vibanda vya mabati, ambao nitawataja tena. Ndani yake mna njia za kutembelea zenye urefu wa zaidi ya kilomita 50 zikijumlishwa, nazo zimewekewa vibao, basi mtu hawezi kupotea isipokuwa kwa kusudi.

Mimi mwenyewe nilipita kando ya msitu huu ndani ya matatu kwa muda wa miaka sita pasipo kuingia hata mara moja. Kazi ya karani ni kukaa. Twaketi garini asubuhi, twaketi ofisini kutwa, twaketi garini tena jioni, kisha twafika nyumbani tukisema tumechoka, wala hatujui tumechoka kwa kazi gani. Miaka miwili iliyopita daktari alinipima shinikizo la damu, akatikisa kichwa, akaniambia kwamba kabla hajaniandikia dawa angependa kwanza nitembee kwa miguu muda wa saa moja, mara kadhaa kila juma. Nikaenda Karura na viatu vyangu vya ofisini. Kwenye kijito cha kwanza nikateleza, soli ikabanduka, nikarudi langoni nikiburuta mguu kama mtu aliyeumwa na siafu. Lakini usiku ule nililala usingizi ambao sikuupata tangu nilipoondoka kijijini, na Jumamosi iliyofuata nikarudi na viatu vya mpira.

Basi turudi kwa mzee. Mkulima hatembei msituni kama mtu wa mjini. Sisi twatazama mbele tukihesabu dakika. Yeye alitazama chini. Aliokota udongo, akaufinya, akaunusa. Alipoona mikaratusi mirefu iliyosimama kwa mistari kama askari, akasema, "Hii nami nimepanda, tena nimejuta. Hunywa maji kama ng'ombe wa mgeni." Nikamweleza kwamba katika siku za ukoloni sehemu kubwa za msitu zilipandwa miti ya kigeni, kwa ajili ya mbao na kuni za magari ya moshi, na kwamba katika miaka ya karibuni miti hiyo imekuwa ikivunwa kidogo kidogo na mahali pake kupandwa miti ya asili. Akatikisa kichwa kwa kukubali. Hilo lilikuwa jambo la kwanza siku ile alilolikubali.

Katika ile miti ya asili ndipo uso wake ulipobadilika. Alisimama mbele ya mti mmoja wenye majani ya kijani kibichi yanayong'aa, akaokota jani lililoanguka, akalitafuna, akatema, akacheka peke yake. Alikuwa ameutambua mti ambao Wakikuyu huuita muthiga. Gome lake na majani yake huwasha ulimi kama pilipili, na wazee wa sehemu nyingi za nchi yetu hutumia gome hilo kwa kikohozi na maumivu ya meno. "Mti huu mama yako mkubwa alikuwa akinitafunisha nikiwa mtoto," akasema. "Kwetu umekwisha. Watu waliuchuna gome mpaka ukafa wote." Akaliweka jani la pili katika mfuko wa koti. Nikamwonya kwamba kuchuna gome hapa ni kosa. Akajibu, "Kwani mimi sina macho? Nimekuambia kwetu umekwisha kwa sababu hiyo."

Nisiwachoshe kwa orodha ya wanyama. Wako pongo, wako paa wadogo wasiozidi kimo cha mbuzi mchanga, na wako kima, ambao mzee aliwajua upesi kuliko alivyopenda: alikuwa ameweka kiazi juu ya jiwe ili amimine chai, akageuka, kiazi hakipo. "Hata mnyama wa hapa ana tabia za mjini," akasema. Wako pia mbega, wale wenye manyoya marefu meusi na meupe. Hao hawakuwako hapa kwa miaka mingi. Walirudishwa katika miaka ya 2010, wakichukuliwa kutoka upande wa Kipipiri, Nyandarua, ambako mashamba yalikuwa yamewazingira na miti yao kupungua. Basi na wao ni wahamiaji wa Nairobi kama mimi.

Tukateremka mpaka kwenye maporomoko ya Mto Karura. Maji huanguka hapo kutoka kimo kipatacho mita 15, na karibu yake pana mapango ambayo, kama isemwavyo, wapiganaji wa Mau Mau walijifichamo katika miaka ya 1950. Mzee hakusema neno kwa muda mrefu. Alivua viatu, akatia miguu majini, nami nikafanya vivyo hivyo. Mvuke wa maji ulikuwa ukitupata usoni. Hapo hakuna sauti ya gari hata moja, ingawa jiji lenye watu zaidi ya milioni 4 liko nyuma ya miti tu.

Ndipo akaniambia jambo ambalo sikulitazamia.

"Unajua kwa nini nilinyamaza asubuhi uliponiambia twende Karura? Niliogopa. Mimi nilikuwa askari wa kulinda majumba hapa Nairobi, miaka ya 1993 na 1994, kabla sijarudi nyumbani kulima. Siku zile mtu hakuingia Karura. Walituambia, gari likikuharibikia penye msitu ule, liache, ukimbie. Wezi walijificha humu, na maiti zilikuwa zikitupwa humu. Mimi niliposikia neno Karura nilijiuliza kama mwanangu ana akili timamu."

Wasomaji, maneno hayo ndiyo yaliyonifungulia jibu la swali lake la asubuhi, nami nikamweleza pale pale kandokando ya maji. Nawaelezeni nanyi, kwa maana wengi wenu mlikuwa watoto wakati huo kama mimi, au mlikuwa mbali.

Katika miaka ya 1990, msitu ulipokuwa mahali pa kuogopwa namna hiyo, sehemu zake ziligawanywa kwa siri. Hazikugawiwa watu wa Vihiga wasio na shamba, wala watu wa vibanda vya mabati waliokuwa jirani. Ziligawiwa makampuni na watu binafsi waliotaka kujenga majumba ya fahari. Mwaka 1998 Profesa Wangari Maathai na wenzake wa Green Belt Movement walianza kuingia msituni wakipanda miche mahali palipokatwa miti, na mwezi Oktoba mwaka ule vyombo vya ujenzi vilivyokuwamo vikachomwa moto. Tarehe 8 Januari 1999 walikwenda tena kupanda miti, wakakuta kundi la wanaume wenye fimbo na marungu wakiwangoja langoni. Wakapigwa. Profesa Maathai alipasuliwa kichwa. Akaenda kituo cha polisi kushitaki, na kwa kuwa damu ilikuwa ikimtiririka, alitia kidole katika damu hiyo akaweka alama yake kwenye karatasi ya mashitaka badala ya wino. Habari zile zikaenea duniani kote, na wanafunzi wa vyuo vikuu wakaandamana wakapambana na polisi. Tarehe 16 Agosti mwaka ule ule Rais Moi akatangaza kwamba ugawaji wote wa ardhi ya umma usimamishwe. Baadaye tume iliyoongozwa na Bwana Ndung'u ilichunguza habari za ardhi za umma zilizogawiwa kinyume cha sheria, na Karura ilikuwamo katika taarifa yake ya mwaka 2004. Mwaka ule ule Profesa Maathai akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Mzee akaniuliza, "Na baada ya hapo watu wakaanza kutembea?"

La. Hilo ndilo nililotaka kufika. Msitu ulikuwa umeokolewa katika karatasi, lakini kwa miaka kumi nyingine uliendelea kuwa pango la wanyang'anyi. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 ndiyo iliyoruhusu wananchi wakaao karibu na msitu kuunda chama na kushirikiana na serikali katika kuutunza. Chama cha marafiki wa Karura kikaundwa, ua wa umeme ukajengwa kuuzunguka, vijana wa vijiji vya jirani wakafundishwa kazi ya ulinzi, na mwaka 2011 malango yakafunguliwa kwa watu wote. Mwaka huo huo, mwezi Septemba, Profesa Maathai akafariki dunia.

Sasa fikirini. Ua wa nyaya hauna macho, na walinzi wachache hawawezi kuona ekari 2,500. Lakini siku ya Jumamosi na Jumapili msitu huu hujaa watu: wazee kwa vijana, wanaokimbia, wanaopanda baiskeli, akina mama na watoto wao, vijana wa kwaya, wachumba walioketi chini ya mti. Akitokea mtu leo akaanza kukata miti kwa siri mahali fulani, hatamaliza saa mbili kabla mtu hajamwona akauliza. Mwaka 1995 angeweza kukata mwezi mzima, kwa kuwa shahidi hakuwapo. Sisi sote tulikuwa tumefundishwa kukimbia. Waliogawana msitu hawakuwa na mlinzi bora kuliko hofu yetu.

Kwa hiyo ninaposema kwamba kutembea msituni ni kazi, simaanishi kazi ya kupunguza tumbo, ingawa na hiyo imenisaidia. Wale watembezi, kila mtu akifikiri kwamba anajifurahisha tu, ndio wanaoushika msitu huu usichukuliwe.

Tena kuna hesabu, nayo nilimpigia mzee kwa kijiti juu ya mchanga. Tuseme Karura igawanywe leo kwa haki kabisa, bila hila, ekari moja moja. Zitapata jamaa 2,500. Nairobi peke yake ilihesabiwa kuwa na watu 4,397,073 mwaka 2019. Jamaa hizo 2,500 zitashiba, nasi tulio wengine, mamilioni, tutakuwa tumepoteza mahali pekee ambapo mtoto wa mjini anaweza kuona mto ukiwa mto. Na mito hiyo, Karura, Ruaka na Gitathuru, haiishii hapa. Maji yake huingia hatimaye katika Mto Athi, ambao huko mbele huitwa Galana na kisha Sabaki, ukaingia baharini karibu na Malindi. Mkulima wa huko chini, ambaye hajapata kuiona Nairobi, ana haki yake katika miti hii.

Mzee alizitazama tarakimu zangu kwa muda. "Hesabu yako ni nzuri," akasema, "lakini ni hesabu ya mtu mwenye mshahara." Neno hilo lilinichoma, nami naliandika kama alivyolisema. Ni kweli kwamba mtu asiye na shamba hashibi kwa kuona maporomoko. Lakini ni kweli pia kwamba msitu huu ulipogawanywa, hakupewa yeye.

Hapo inafaa nitaje jambo nisilolipenda. Wale jirani wa vibanda vya mabati wanaukaribia msitu kuliko mtu mwingine yeyote, nao ndio wanaoingia kwa nadra kutembea. Sheria inawaruhusu wanachama wa vyama vya misitu kupata haki fulani kwa mapatano, kama kuokota kuni zilizoanguka, kufuga nyuki na kuchukua dawa za miti. Hiyo ni njema. Lakini mwanamke anayeingia na mzigo wa kuni mgongoni hajaja kustarehe. Ada ya mtu mmoja si kubwa kwa karani. Kwa baba wa watoto watano anayelipwa kwa siku, ni chakula cha jioni. Mimi naona ingefaa ziwekwe siku ambazo watoto wa mitaa ile wangeingia bure, wakaongozwa na mtu wa kuwaonyesha muthiga na mbega, kwa sababu hao ndio watakaokuwa wazee wa jirani wa msitu huu miaka 30 ijayo. Mtoto aliyezuiwa langoni hatausimamia msitu atakapokuwa mtu mzima. Kama wako wasomaji wenye sauti katika mabaraza ya mambo haya, nawaomba walitafakari.

Kwa wale wanaotaka kwenda, nasema machache. Nendeni asubuhi, kabla jua halijawa kali na kabla watu hawajawa wengi. Vaeni viatu vyenye meno, hasa baada ya mvua, kwa maana udongo ule mwekundu huteleza kama sabuni. Mimi ni shahidi. Chukueni chai na chakula chenu, kwa sababu mkahawa uliomo ndani ni mzuri lakini bei zake si za daraja letu. Maji yawe katika chupa isiyo ya plastiki. Msiwape kima chakula, maana wakizoea huwa wanyang'anyi, nao wamekwisha kuanza. Msiwashe moto, wala msipige redio. Yupo mwenzako aliyekuja kwa ajili ya kimya kile. Na watu wa mikoa mingine wasidhani kwamba habari hii ni ya Nairobi tu. Watu wa Kakamega wanao msitu mkubwa kuliko huu, na Eldoret haiko mbali na Kaptagat. Mtu aweza kuishi miaka 40 karibu na msitu wake asiujue ila kwa kuni.

Tulipokuwa tukirudi, nilimwonyesha mzee jengo moja kuukuu lenye bomba la moshi, nikamwambia kwamba hapo Benki Kuu ilikuwa ikichoma noti za zamani zilizochakaa. Alisimama akalitazama kwa heshima kuliko alivyoyatazama maporomoko. "Fedha?" akauliza. "Walizichoma hapa, msituni?" Nikamwambia ndiyo, zilizochakaa tu. Akasema kwamba zake zote huwa zimechakaa, lakini hajapata kuona duka linalozikataa.

Jumapili jioni nilimsindikiza kwenye basi la kwenda Vihiga. Alikuwa amenunua mche wa muthiga kando ya barabara, kwa wauzaji wa miche, ameufunga ndani ya gunia lenye unyevu na kuupakata mapajani kama mtoto mchanga. Nilimwuliza ataupanda wapi katika shamba lile dogo. Akanijibu kwamba ataupanda mpakani, upande wa jirani ambaye wanashitakiana naye, kwa maana gome la mti huo mtu hawezi kulichuna usiku bila kuonekana asubuhi.

"Lakini mimi," akaongeza, akitoa kichwa dirishani, "bado nasema wangelima japo ule ukingo wa barabarani. Maharage tu."

Basi likaanza kuondoka. Akaniita tena, akapaza sauti kama watu wenye masikio mabaya wafanyavyo, hata stendi nzima ikasikia: mwezi wa nane shule zikifungwa atamleta mjukuu wake, na je, nitawalipia wote wawili langoni?

Nikasema ndiyo. Juma lijalo, Mungu akipenda, tutarudia zile karatasi za urithi.